Kiti Kisichokaliwa

Ya kale dhahabu, wamesema wahenga, na mimi kwa muda mrefu niliichukua methali hiyo kama ilivyo, bila ya kuuliza dhahabu hiyo ivaliwe na nani, na ivaliwe wapi. Kwa miaka minne palikuwa na kiti cha enzi katika sebule yangu ya Upanga, Dar es Salaam, na katika miaka yote hiyo simkumbuki mgeni aliyekikalia zaidi ya dakika tano. Watoto walikitupia mabegi ya shule. Mke wangu alitundika kanga mgongoni mwake. Wageni walikisifu sana, kisha wakaenda kujitupa kwenye kochi la sponji.

Asiyekijua kiti cha enzi naomba nimweleze. Ni kiti cha miji ya pwani, Lamu, Pate, Siyu, Unguja: kipana, kirefu, kimesimama wima kama mtu aliye katika sala, mbao zake nyeusi, pa kukalia na pa kuegemea pamesukwa kwa kamba nyembamba, na hapa na pale pametiwa nakshi za mfupa au pembe. Mbele kina pa kuwekea miguu. Si kiti cha kujinyoosha. Ukikikalia mgongo unanyooka wenyewe, mikono inatulia, hata maneno yanapungua. Kiliwekwa kwa ajili ya mtu wa heshima, na kazi yake ni kumfanya aliyekikalia, na wanaomtazama, waikumbuke heshima hiyo.

Sasa kiweke kiti cha namna hiyo mbele ya televisheni, katika chumba chenye dari fupi, ambamo watu wengine wote wamekaa chini yake kwenye makochi. Aliyekikalia anaonekana kama hakimu aliyekuja kusikiliza kesi ya taarifa ya habari. Kosa halikuwa la kiti. Kosa lilikuwa langu, na nitaeleza nilivyolifanya, kwa sababu nawaona wengi wakipita njia ile ile.

Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa na sanduku la njumu chumbani mwake katika Mji Mkongwe wa Unguja. Lilikuwa la msaji, limepigwa misumari ya shaba kwa mapambo, na chini lina watoto watatu wa kuvuta. Ndani mlikuwa na kanga zake za doti, udi, hati ya nyumba, na sanda aliyojinunulia mwenyewe. Kifuniko kilipofunguliwa kililia, na nyumba nzima ikajua kuwa bibi anatoa kitu. Mwaka 1986 baba aliugua na fedha za matibabu zikatushinda. Bibi alikuwa ameshafariki. Tuliliuza sanduku kwa mfanyabiashara mmoja kwa bei ambayo naona haya kuiandika. Mimi ndiye niliyelishika upande wa mbele kuliteremsha ngazi. Baba hakupona.

Basi nilipopata uwezo kidogo, nilianza kulitafuta. Nilijua sitalipata lenyewe, lakini nilitaka ndugu yake. Nilizunguka maduka ya Mji Mkongwe, na katika duka moja nikaonyeshwa sanduku nililoambiwa lina umri wa miaka mia. Lilifanana na la bibi hata moyo ukanipiga. Nikaomba ligeuzwe. Chini palikuwa peupe kama ubao uliotoka kiwandani jana. Misumari ilipangana sawasawa mno. Kingo za kifuniko, ambazo mikono ya miaka mia ingezilainisha, zilikuwa kali bado, na ndani palinuka vanishi. Sikulaumu sanduku, maana fundi aliyelitengeneza alikuwa fundi hodari. Sanduku jipya linalouzwa kama jipya ni mali ya halali, na linawalisha mafundi wetu. Nililaumu ule uongo. Nikatoka kwa hasira, nikaingia duka la pili, na humo nikakuta kiti cha enzi ambacho kilikuwa cha kale kweli kweli. Nikakinunua papo hapo. Nilinunua ukale, ndugu msomaji, sikununua kiti.

Huo ndio ugonjwa ninaotaka kuusema. Tunashauriwa tuchague samani za kale zinazolingana na tabia yetu, na ushauri huo si mbaya, lakini ni nusu tu. Kila chombo nacho kina tabia yake, na nyumba vile vile. Tazama nyumba za kale za Lamu na Unguja: vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hazikuweza kuvuka zaidi ya mita 2.5 hadi 3 hivi. Katika ukumbi kama huo vyombo hukaa kando ya ukuta, watu wakapita katikati, na dari iko juu sana. Kitanda cha samadari, kirefu cha kwenda juu hata watu wafupi hukipandia kwa kibao, hapo kina nafasi ya kupumua. Kipeleke katika chumba cha nyumba ya kupanga na utakuwa umenunua ukuta wa pili.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mtu ajiulize maswali machache. Chombo hiki kilifanya kazi gani kwao? Kazi hiyo ipo kwangu? Kama haipo, kipo kingine cha kukifanyia bila ya kukitesa? Sanduku la njumu linajibu vizuri maswali haya, kwa kuwa kila nyumba bado ina mashuka, hati na siri. Lakini nimeliona katika sebule za wenye uwezo limegeuzwa meza ya chai, limewekewa kioo juu, halifunguki tena. Sanduku lisilofunguka ni kama mtu aliyefungwa kinywa. Wala tusijidanganye kwamba tunahifadhi asili isiyochanganyika: mengi ya masanduku tunayoyaita ya Zanzibar yaliletwa kwa majahazi kutoka Bara Hindi. Yalifanywa yetu na matumizi. Matumizi yakikoma, kinachobaki ni ubao na shaba.

Yapo pia ya kuepuka kabisa. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku tangu Januari 1990, na mwenye kutaka kununua kiti chenye nakshi za pembe na kusafiri nacho ajue anabeba nini. Milango ya kuchonga nayo ina nyumba zake. Tanzania Bara sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inailinda iliyochongwa kabla ya 1940. Mlango uliong'olewa ukafanywa kichwa cha kitanda umeacha tundu mahali fulani, na kuna mtu anayelitazama tundu hilo kila siku. Mimi namjua mtu huyo, kwa kuwa kuta za chumba cha bibi bado zina alama ya pale lilipokuwa sanduku.

Mwisho wa kiti changu ulikuja bila ya mimi kuupanga. Shangazi yangu, anayeishi katika nyumba ile ile ya bibi, alikuja Dar es Salaam kututembelea. Akakitazama, akaziondoa kanga, akasema, "Mwanangu, hiki kinasubiri mtu, na hapa hapana atakayekuja." Nikakisafirisha Unguja. Wiki ya kwanza alifika mzee wa mtaa kuzungumzia mambo ya arusi. Shangazi hakusema neno. Alionyesha kwa mkono tu. Mzee akakaa, akaweka miguu pahala pake, akarekebisha kofia, na sote tuliokuwa ukumbini tukajiweka sawa bila ya kuambiwa. Nilifurahi, na pia niliona haya.

Siku ya kuondoka shangazi alinipa kitu kimefungwa kwa gunia: mbuzi ya kukunia nazi aliyokuwa akiitumia bibi. Ubao wake umeingia ndani pale alipokuwa akikaa, na meno yameshabadilishwa zaidi ya mara moja. Hakuna duka litakaloiweka dirishani. Iko jikoni kwangu Upanga, na kila Ijumaa mtu huikalia.