Enjili Katika Bahari ya Utenzi

Mapokeo ya elimu ya Kanisa Katoliki katika Afrika ya Mashariki yamezoewa kupimwa kwa majengo yake: shule, seminari, hospitali na vyuo. Kipimo hicho si kibaya, lakini hakitoshi. Fikira haikai katika majengo ila kwa muda. Makao yake ya kudumu ni lugha. Kwa hiyo swali liwapasalo wanachuo wa Kiswahili si idadi ya shule, bali ni hili: je, fikira hiyo imepata kufikiriwa kwa Kiswahili, au imefasiriwa tu kwa Kiswahili? Jibu moja lenye uzito limo katika kazi mbili za ushairi zisizosomwa vya kutosha: Utenzi wa Enjili Takatifu wa Mathias Mnyampala, uliopigwa chapa Ndanda mwaka 1963, na tenzi za Enjili nne za Julius Nyerere, zilizotolewa na Wabenedikto wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996.

Wamisionari walitangulia kuiandaa lugha. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na mmoja wao, Charles Sacleux, akaacha kamusi ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapwa kati ya 1939 na 1941, ambayo hata leo mchunguzi wa lahaja hawezi kuipita. Wabenedikto nao walijenga Pugu mwaka 1888. Misheni yao ikavunjwa Januari 1889 katika vita vya Abushiri, nao wakaanza upya. Kazi iliyowafikia watu wengi, hata hivyo, haikuwa kamusi bali katekisimu: swali na jibu, mwalimu akiuliza na mwanafunzi akikariri. Njia hiyo ilifaa kwa kusudi lake. Lakini katika katekisimu jibu huja limekwisha tengenezwa, na mwanafunzi haulizwi kamwe atafute neno lake mwenyewe.

Mtunzi wa utenzi hana budi kulitafuta. Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, mlei, mtumishi wa serikali na wa mahakama; hakuwa padre wala mzaliwa wa pwani. Alitunga katika zama ambazo Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa amekwisha kuziandika sheria za kutunga mashairi, mwaka 1954, na kuziweka mbele ya kila mtu apendaye kujifunza. Tena yafaa kuitazama tarehe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati yake juu ya liturujia tarehe 4 Desemba 1963. Hata wakati huo Misa katika parokia za Tanganyika ilikuwa ikisomwa kwa Kilatini. Mlei wa Ugogo alikuwa amekwisha kuiweka Enjili katika mizani ya Kiswahili kabla ya ruhusa ya kusali Misa kwa Kiswahili kufika parokiani kwake.

Pana pingamizi moja la zamani: kwamba utenzi ni chombo cha Kiislamu, kilicholelewa katika Pate na Lamu kwa kusimulia vita vya Mtume na mawaidha ya dini yake, na kwamba Mkristo akitumiapo chombo hicho amevaa kanzu ya kuazima. Asili ya utenzi imesemwa sawa. Hukumu iliyotolewa juu ya mazao yake ndiyo isiyo sawa. Tomaso wa Akwino, ambaye Kanisa lilimfanya mwalimu wa shule zake, alijadiliana ukurasa kwa ukurasa na Ibn Sina na Ibn Rushd. Hakuiona hoja yao kuwa haramu kwa sababu ya dini ya wenyewe. Mapokeo ya Kikatoliki, yakiwa hai, huchukua chombo kilicho bora mahali yalipo, na kukitii. Katika Paris ya karne ya 13 chombo kilikuwa falsafa iliyopitia kwa Waarabu. Tanganyika kilikuwa utenzi. Kwa hiyo Mnyampala hakutoka katika mapokeo aliposhika kalamu ya pwani. Ndipo hasa alipoingia ndani yake.

Ugumu wa kazi yenyewe huonekana katika mizani. Kipande cha utenzi kina mizani minane. "Roho Mtakatifu" hula saba, na kumwachia mtunzi mmoja tu wa kusema jambo lolote juu yake. "Ufalme wa Mbinguni", l ikihesabiwa, hujaza kipande kizima, wala haubakii upenyo wa kitenzi. Istilahi za Kanisa zilitungwa kwa sala na mafundisho, si kwa wimbo. Mtunzi ana njia mbili: ama aiache istilahi isimame peke yake kama nguzo, na maana ipite kabla yake na baada yake, ama aivunje, atafute neno jingine, na hapo aulize kwa kweli neno la kwanza lilikuwa na maana gani. Njia ya pili ndiyo mwanzo wa teolojia.

Nyerere aliijua kazi hiyo kwa mkono mwingine. Alibatizwa mwaka 1943, akafundisha St. Mary's Tabora, kisha St. Francis Pugu, nje ya Dar es Salaam, hata alipoacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Alipofasiri Julius Caesar wa Shakespeare, kazi iliyotoka mwaka huo huo wa 1963, alitumia mistari isiyo na vina. Mistari ya namna hiyo alikuwa nayo mkononi. Kwa Enjili akaiacha, akachagua kifungo cha utenzi. Sababu haiko mbali. Tamthilia ya Shakespeare ina jukwaa lake, bali Enjili husikilizwa, na utenzi ndio uliozoeza sikio la Mswahili kusikiliza habari ndefu. Zaidi ya hayo, Mnyampala aliipa Enjili utenzi mmoja. Nyerere aliwapa Wainjili wanne tenzi nne, na kila mmoja akauita "utongo" wa mwandishi wake, neno lenye asili katika kutongoa, yaani kunena wazi. Huo ni uamuzi wa kielimu, si wa ufundi tu. Katika karne ya pili Tatiano alijaribu kuzichanganya Enjili ziwe habari moja, na Kanisa likachagua kubaki na mashahidi wanne. Nyerere aliuheshimu uchaguzi huo.

Kasoro za namna hii ya utunzi zisifichwe. Utenzi hupenda tendo: safari, karamu, dhoruba, kesi. Kwa hiyo Marko humfaa mtunzi kuliko Yohana, ambaye hotuba zake hurudia neno lile lile kwa makusudi. Kina kikidai neno jipya kila kipande, marudio hayo yamo hatarini kupotea. Mfano wa Enjili nao ni mfupi, na ufupi ndio nguvu yake; beti zikiongezwa kwa kutosheleza vina, makali yake huwa butu. Mhakiki apimapo tenzi hizi asiulize tu kama vina vimetimia, bali kama Yesu wa beti bado anasema kwa uchache.

Jambo hili lina uzito katika elimu ya leo. Mapokeo yenyewe hudai kwamba imani na akili havipigani, na kwamba shule ni mahali pa kulithibitisha dai hilo. Lakini katika shule za sekondari, za Kanisa na za serikali pia, Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia, na Kiswahili kimebaki somo moja miongoni mwa mengi. Jioni, katika jumuiya ndogondogo za Mbagala, Temeke, au Mwananyamala, Kinondoni, majirani husoma Enjili kwa Kiswahili na kuipima na maisha yao: kodi ya nyumba, ugonjwa, ugomvi wa mipaka. Hivyo kijana wa pembezoni mwa Dar es Salaam hufikiri imani yake kwa lugha moja na elimu yake kwa nyingine, wala hakuna amwonyeshaye kuwa vyaweza kukutana. Tenzi hizi ni mahali vilipokutana. Katika darasa la fasihi zinaweza kusomwa kando ya Mwana Kupona, na Mwislamu na Mkristo wakahojiana juu ya mizani bila mmoja kumgeuza mwenziwe.

Palipochapwa kazi zote mbili ni kusini, mbali na Kurasini yalipo makao ya Baraza la Maaskofu, na mbali na vyuo vya Dar es Salaam. Umbali huo si wa barabara peke yake. Mapokeo yajivuniayo akili hayajafanya haki kwa Kiswahili mpaka yawasome kwa uhakiki Wakatoliki wake waliofikiri kwa lugha hiyo. Na uhakiki wa Kiswahili nao haujatimia ukiziacha tenzi hizi rafuni kama vitabu vya ibada.