Dhahabu ya Geita na Fleti za Masaki: Uhakiki wa Soko la Nyumba za Kifahari

Katika madarasa ya itikadi tunayoyaendesha mikoa ya Shinyanga na Geita, liko swali ambalo wanachama huliuliza mara kwa mara: mali inayochimbwa hapa huishia wapi? Jibu lililozoeleka ni kwamba huishia ng'ambo, na ushahidi wake upo. Lakini jibu hilo likitolewa peke yake hufunika jambo lililo karibu zaidi na macho yetu. Sehemu ya ziada ya dhahabu haivuki bahari. Hubaki nchini mikononi mwa wachache, yaani mkandarasi wa mgodi, mnunuzi mkubwa wa madini, mkubwa wa ofisi aliyepata fungu lake. Na kutoka hapo husafiri zaidi ya kilomita elfu moja hadi Dar es Salaam, kugeuka saruji, vioo na lifti katika Masaki, Oysterbay na Mbezi Beach. Tunataka kulihakiki soko hilo la nyumba za kifahari kutoka upande wa shimo, kwa sababu wanaolizungumzia wengi wamesimama upande wa pwani.

Ukosoaji mwingi tunaousikia ni dhaifu. Wapo wanaolaani marumaru na mabwawa ya kuogelea. Hiyo ni hasira ya mpita njia, haina nadharia. Ujamaa haukuwahi kufundisha kwamba mvujajasho anapaswa kupenda udongo na nyasi, na mchimbaji wa Nyarugusu angefurahia maji ya moto sawasawa na mwenye fleti. Upande wa pili wapo wachumi wa soko huria wenye hoja nzito zaidi, ambayo kada hana budi kuielewa kabla ya kuipinga. Wanasema: tajiri akihamia fleti mpya huacha nyumba yake ya zamani kwa mtu wa kipato cha kati, naye huacha yake kwa wa chini yake, na hivyo zamu huteremka mpaka imfikie fundi cherehani wa Kahama. Mnyororo huo ungefanya kazi kama kila nyumba mpya ingenunuliwa na mtu anayetaka kulala ndani yake. Fleti ya kifahari mara nyingi hununuliwa iwe ghala la fedha: bei ya dhahabu ikiyumba, shilingi ikishuka, ghorofa linabaki pale pale. Mwenyewe anaweza kuipangisha kwa ubalozi au shirika la kimataifa. Anaweza pia kuifunga na kuondoka na ufunguo. Nyumba iliyofungwa haimwachii mtu zamu.

Hapa wenyeji wa Usukumani wana haki ya kucheka kidogo. Tangu enzi za mkoloni wataalamu wamekuwa wakimwambia Msukuma kwamba ng'ombe wake wamepita mahitaji, kwamba anajilimbikizia mali isiyo na tija, kwamba apunguze. Ng'ombe huyo alikuwa anatoa maziwa na samadi, alilipa mahari, na aliweza kuazimwa kwa jirani mwenye dhiki akawanyweshe watoto wake. Hatujasikia mtaalamu aliyekwenda Masaki kumwambia mtu apunguze fleti.

Soko hili halikuota kama uyoga. Lilifunguliwa mlango hatua kwa hatua, na tarehe zake zinajulikana. Mwaka 1963 milki ya kudumu ya ardhi tuliyoirithi kwa wakoloni ilifutwa, na aliyekuwa na ardhi hiyo akawa mpangaji wa Serikali. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, likaliweka katazo hilo sambamba na lile la kuwa na hisa katika kampuni. Wengi wamesahau uzito wa sharti hilo. Azimio liliona kwamba kodi ya nyumba ni kipato kisicho na jasho, na kwamba anayekipokea ataanza kufikiri kama kabaila hata kama amevaa sare ya Chama. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Siasa hiyo ilikuwa na dosari zake, na wanaoipinga wana haki ya kuzitaja: kodi zilizopangwa hazikutosha matengenezo, mabomba yakaoza, kuta zikapasuka. Lakini dosari za utekelezaji zilitibiwa kwa kuua msingi wenyewe. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi, kiongozi akaruhusiwa kupangisha nyumba. Kuanzia mwaka 2002 nyumba za Serikali, nyingine zikiwa katika viwanja vipana vya maeneo bora, ziliuzwa kwa watumishi. Mwaka 2005 ikafutwa sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba. Mwaka 2008 ikaja sheria iliyomwezesha mtu kupata hati ya fleti moja ndani ya ghorofa, pamoja na sheria ya mikopo ya nyumba. Kila hatua ikitazamwa peke yake ina sababu yake. Zikipangwa kwa safu zinaonyesha tabaka moja likijijengea.

Ile sheria iliyofutwa mwaka 2005 inastahili kutazamwa zaidi, maana hapo ndipo Masaki na Geita zinapokutana. Mpangaji wa fleti ya Masaki hakuihitaji sana. Mara nyingi kodi yake hulipwa na mwajiri, na mkataba wake umeandikwa na mwanasheria. Aliyeihitaji ni kijana wa kampuni ndogo inayofanya kazi za mgodi, aliyepanga chumba kimoja Nyankumbu au Kalangalala. Mgodi mkubwa wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, una makazi ya wafanyakazi ndani ya uzio wake. Lakini wengi wanaoajiriwa na wakandarasi hulala mjini, na huko bei hupangwa na mwenye nyumba akishirikiana na dalali. Kodi ya miezi sita mkononi, wakati mwingine ya mwaka mzima, na ya mwezi mmoja zaidi kwa dalali. Dhahabu ikipanda bei, chumba nacho hupanda, ingawa hakijaongezwa hata dirisha. Mabaraza ya Ardhi na Nyumba yapo, ila mpangaji akienda kulalamikia kiwango cha kodi, baraza halina tena sheria ya kukipimia.

Wazee wa Mwadui wanaukumbuka utaratibu mwingine. Baada ya Williamson kugundua almasi pale mwaka 1940, ulijengwa mji mzima ndani ya uzio, wenye kota, hospitali na shule. Tusiupambe mji ule. Uzio ulikuwa wa kibaguzi na almasi ilikuwa ya tajiri. Hata hivyo bepari wa wakati ule alilazimika kuhesabu kitanda cha mfanyakazi katika gharama za almasi yake. Bepari wa leo, kwa njia ya mkandarasi na mkandarasi mdogo, amemwachia mfanyakazi gharama hiyo ailipe kwa mshahara wake mwenyewe, na anayeipokea ni mwenye nyumba. Kuhusu wanaoishi nje ya uzio, tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la mabaki ya mgodi huo ulipasuka, tope likafunika nyumba na mashamba katika vijiji vya Ng'wang'holo na Nyenze, wilayani Kishapu. Katika hesabu za madalali wa majengo siku ile haikupotea nyumba hata moja, kwa kuwa nyumba zile hazikuwa na bei sokoni.

Wapo watakaouliza: kwani Shirika la Nyumba la Taifa halipo? Lipo, tangu mwaka 1962, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuondoa vibanda na kujenga nyumba za watu wa kipato cha chini. Katika miaka ya karibuni lilichukua nadharia kwamba ukimjengea mwenye nacho kwa bei ya soko, faida itamjengea asiye nacho. Majengo yake makubwa ya Morocco na Kawe, Dar es Salaam, yakasimama miaka kadhaa yakiwa mifupa mitupu, mpaka kazi ilipoendelea tena baada ya mwaka 2021. Huku kwetu Shirika lilijenga nyumba za bei nafuu Bombambili, mjini Geita. Nia ilikuwa njema. Lakini nyumba ya kuuzwa humfaa mwenye hati ya mshahara inayokubaliwa na benki, na mchimbaji mdogo hesabu yake imo katika viroba vya mawe ambayo hajui yatatoa gramu ngapi. Nchi ya watu zaidi ya milioni 60 ina mikopo ya nyumba ya benki maelfu machache tu. Nyumba ya kupangisha yenye kodi inayobebeka, ambayo ndiyo hitaji la mji wa migodi, haimvutii bepari wala benki yake.

Tarehe 28 Machi 2025 zilitangazwa kanuni zinazokataza bei za ndani ya nchi kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Kwa miaka mingi kodi za Masaki zilitajwa kwa dola bila haya, kwa hiyo tunaziunga mkono. Hata hivyo zimebadili jina la fedha kwenye mkataba. Mwenye jengo hazikumgusa. Swali la mwenye jengo limekuja kuulizwa na wageni. Oktoba 2022 kikosi cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, FATF, kiliiweka Tanzania katika orodha ya nchi za kuangaliwa kwa karibu, kikaiondoa Juni 2025. Sheria yetu ya mwaka 2006 inawataka mfanyabiashara wa madini na dalali wa majengo, wote wawili, kutoa taarifa za miamala yenye mashaka. Ni ajabu kwamba jambo ambalo Azimio liliuliza kwa ajili ya utu, sasa tunaliuliza kwa kuogopa orodha.

Chini ya sheria ya maadili ya mwaka 1995, viongozi wa umma hutoa tamko la mali zao, na majengo ni sehemu ya mali hizo. Chama kinaweza kuongeza mstari mmoja katika fomu za wanaoomba uongozi: unapangisha nyumba ngapi, wapi, na kwa kodi gani. Kisha mkutano wa wilaya, Geita au Kahama, ukiletewa pendekezo la kurudisha sheria ya kodi za nyumba, wajumbe wajue kabla ya kunyoosha mikono ni wangapi kati yao ni wenye nyumba na wangapi ni wapangaji.