Mlimau wa Ndoo: Kiini cha Ugonjwa Kilikuwa Chini

Kwenye vyumba vya kupangisha vinavyozunguka Chuo Kikuu cha Kibabii, si ajabu kukuta ndoo kuukuu ya rangi verandani imeota mlimau au parachichi. Mpangaji hana shamba, ila ana lita 20 za udongo, na siku ya kuhama huondoka nazo. Mlimau ninaouchambua hapa ni wa jirani yangu muuza duka. Ni mche uliounganishwa juu ya shina la limau la kienyeji, na ulikuwa umeshazaa. Kisha majani yakaanza kugeuka manjano na kupukutika, na matawi yakakauka kuanzia nchani.

“Mwalimu, na si mimi huumwagilia kila siku?” aliniuliza. Mbali na maji, alikuwa ameutilia DAP na jivu la jikoni.

Sikumlaumu, maana tiba hizo zote zina maana shambani. Udongo wetu ukilimwa mahindi kwa DAP msimu baada ya msimu huzidi kuwa na asidi, ndiyo sababu wakulima kutoka Bungoma hadi Kitale hushauriwa kutia chokaa. Jivu nalo hupunguza asidi vilevile. Tatizo ni kwamba ndani ya ndoo jivu halina pa kutawanyikia. Asidi ikipungua kupita kiasi, madini ya chuma huwa yamo udongoni lakini mizizi haiwezi kuyanyonya. Dalili yake huonekana kwenye jani changa: manjano katikati, mishipa ikibaki kijani. Mti ukikosa naitrojeni, yanayotangulia kugeuka manjano ni majani ya zamani, tena jani zima. Huu ulikuwa na dalili zote mbili kwa pamoja. Hapo ndipo nilipoacha kufikiria mbolea nikaishuku mizizi.

Kwanza nilikwaruza gome kwa ukucha, nikishuka kutoka nchani. Juu palikuwa na rangi ya kahawia, pakavu. Chini zaidi kukatokea kijani kibichi. Mti ulikuwa hai.

Tuliilaza ndoo, tukaigongagonga ubavuni, bonge likatoka zima likinuka kama mtaro. Mizizi ya pembeni ilikuwa imejizungusha kwa kufuata umbo la ndoo. Ya chini ilikuwa nyeusi. Ukiuvuta mmoja, ganda linachomoka na mkononi unabaki na kiuzi tu. Karibu na juu palisalia michache migumu, ya rangi ya maziwa. Mizizi huhitaji hewa ili inyonye maji, na iliyozama huoza. Kwa hiyo mti ulikuwa na kiu huku umesimama ndani ya maji, na kila kopo aliloongeza mama wa watu lilizidi kuuzamisha.

Kitakoni pa ndoo palikuwa na kokoto, na hapa nitabishana na watu wengi. Tumezoea kuambiwa kokoto huteremsha maji. Kwenye ndoo hazisaidii. Udongo laini huyashikilia maji, wala hauyaachii yapenye kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka uwe umelowa chepechepe. Kokoto huipandisha juu sehemu inayolowa, na kuupunguzia mti udongo wa kuishi. Kosa jingine ni kwamba matundu yalikuwa yamelala juu ya saruji, hayana pa kutolea maji.

Tiba yenyewe haikuwa na maajabu. Mizizi iliyooza ilikatwa kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti, na iliyojizungusha ikanyooshwa. Matawi makavu nayo yakaondolewa hadi penye kijani, kwa sababu mizizi iliyopunguzwa haiwezi kulisha matawi yote. Udongo mwekundu mtupu hugandamana ndani ya ndoo, kwa hiyo tulichanganya sehemu tatu za udongo wa juu, mbili za mchanga mnene wa mtoni na moja ya samadi iliyooza kabisa. Kiungo cha mche kiliachwa juu kabisa ya udongo, ndoo ikainuliwa kwa vipande vya tofali, ikakaa kivulini, mbali na maji yanayodondoka kutoka paani. Kumwagilia sasa ni kwa kidole: kiingie udongoni hadi kiungo cha pili, na kikitoka kikavu ndipo maji yatiwe.

Sisimizi waliokuwa wakipanda shina walituonyesha wadudu gamba chini ya majani. Wadudu hao hutoa majimaji matamu yanayowavuta sisimizi na kuotesha ukungu mweusi kama masizi. Kitambaa chenye maji ya sabuni kiliwaondoa.

Baada ya wiki kadhaa lilitokea chipukizi nene, lenye nguvu na miiba, na jirani akashangilia. Nikainama kuangalia: lilikuwa chini ya kiungo, maana yake ni limau la kienyeji lililokuwa likijiotea, nalo likiachwa hunyonya chakula kingi na ule mlimau ulionunuliwa huweza kufa. Tukalinyofoa kwa mkono. Yale madogo yaliyofuatia juu ya kiungo ndiyo tuliyokuwa tukiyangoja. Mbolea haikuguswa mpaka majani yake yalipokomaa, na maua ya kwanza tuliyaondoa ili nguvu irudi kwanza mizizini.