4.3 Baraka juu ya Amri za Usalama: Ukingo wa Paa, Shimo na Mkwaju wa Katabi

Sehemu hii inahakiki matumizi ya neno baraka katika kulinganisha sheria ya Kiyahudi na tambiko la Katabi mkoani Katavi. Suala la msingi ni iwapo tendo la kuzuia hatari linastahili kutamkiwa baraka.

Katika Mishneh Torah, Maimonides (1138–1204) anaagiza kwamba anayejenga ukingo wa paa, kwa mujibu wa Kumbukumbu la Torati 22:8, atamke baraka anapoujenga. Hata hivyo, kunawa mikono baada ya chakula hakutamkiwi baraka, kwa kuwa kuliwekwa kwa sababu ya hatari tu. Anakufananisha na kuchuja maji ya kunywa usiku kwa kuhofia ruba.

Kwa mtazamo wa juu juu, hukumu hizo zinakinzana, kwani ukingo nao huzuia ajali. Mkinzano unapungua ikizingatiwa kuwa baraka hiyo humsifu Mungu aliyeamuru; haiombi ulinzi. Kinachoadhimishwa ni amri, si usalama. Ukingo umeamriwa na Torati yenyewe, ilhali kuchuja maji ni busara.

Hata hivyo, hoja hiyo haimalizi tatizo. Maimonides huyohuyo anapanua wajibu wa ukingo hadi kisima na shimo la uani: lizungushiwe ukuta wenye kimo cha viganja 10 au lifunikwe. Hapo hataji baraka. Kwa Mpanda, penye mapaa ya bati yasiyokaliwa na mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, sehemu hii ya sheria ndiyo yenye uzito, nayo ndiyo iliyoachwa bila tamko.

Katika masimulizi ya Wabende, roho ya Katabi hukaa katika mkwaju ulio kando ya Ziwa Katavi, na watu huacha sadaka hapo wakiomba baraka zake. Baraka hapa hushuka kwa binadamu. Katika ukingo hupanda kwa Mungu. Asili moja ya Kisemiti ya neno la Kiebrania na la Kiswahili haithibitishi maana moja. Kwa tendo la Kiyahudi, kitenzi kuhimidi kinafaa zaidi kuliko kubariki.

Methali "Tahadhari kabla ya hatari" inaonesha msimamo wa tatu: kinga isiyohitaji sifa wala sadaka. Hivyo, ulinganishi unaotumia neno baraka bila kubainisha mwelekeo wake hufifisha swali muhimu zaidi: nani anawajibika kulifunika shimo. Kuhimidi amri hakumwondolei mwenye shimo wajibu huo. Humkumbusha kwamba ni wake.