Kimya cha Mbuga katika Riwaya ya Willa Cather

Wahenga walisema upweke ni uvundo. Neno hilo, msomaji, ni la watu waliojua thamani ya majirani, wala si rahisi kulipinga. Hata hivyo iko riwaya moja ya Marekani inayotutaka tulipime upya. Jina lake ni My Ántonia, nayo ilitolewa mwaka 1918. Mwandishi wake, Willa Cather, alizaliwa Virginia mwaka 1873. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, jamaa zake walihamia Nebraska, nchi ya mbuga za nyasi zienezazo hadi upeo wa macho. Na mbuga hizo ndizo zilizompa kitabu hiki.

Msimulizi ni Jim Burden, yatima wa miaka kumi, aendaye kulelewa na babu na bibi yake. Afika usiku katika gari la farasi. Achungulia nje asione ua, wala mti, wala kilima. Aona ardhi tupu na mbingu pana juu yake. Adhani hata roho za wazazi wake hazikumfuata huko. Usiku ule alala bila ya kusali.

Muda si mrefu baadaye bibi yake amwacha peke yake katika bustani ya mboga, bondeni pasipo na upepo mkali. Mtoto aegemea boga lililopashwa joto na jua, atazama wadudu wakipita, asikiliza nyasi zikivuma juu yake. Hangoji jambo lolote, wala hatamani kitu zaidi. Utupu ule ule uliomtisha usiku sasa wampa raha.

Wasomaji wengi hukomea hapo, wakakisifu kitabu kwa utulivu wake. Kufanya hivyo ni kusoma nusu. Katika mbuga hiyo hiyo yumo Mzee Shimerda, mfumaji kutoka Bohemia, ambaye kwao alikuwa akipiga fidla katika arusi. Marekani haigusi fidla yake. Jamaa yake waishi katika shimo lililochimbwa ardhini, Kiingereza hakijui, na rafiki aliowazoea wako ng'ambo ya bahari. Kipupwe kilipokaza, mzee huyo alijiua.

Yawezekanaje kimya kimoja kumponya mmoja na kumwangamiza mwingine? Lugha yetu yatusaidia kujibu, maana ina maneno mawili: faragha na upweke. Jim bustanini alikuwa katika faragha. Nyuma yake palikuwa na nyumba ya mbao, chakula jikoni, na bibi wa kumwita kwa jina. Aliingia katika kimya akijua njia ya kutoka. Mzee Shimerda hakuwa na njia hiyo. Wake ulikuwa upweke, nao ndio walioutaja wahenga. Sifa kubwa ya Cather ni kwamba aliweka hali hizo mbili chini ya mbingu moja, asiifiche hata mojawapo.

Ila kasoro ipo, na haifai tuinyamazie. Jim aiona nchi ile kana kwamba haijapata kukaliwa. Kumbe walikuwako Wapawnee, walimaji wa mahindi na wawindaji wa nyati, waliohamishwa kutoka Nebraska katika miaka ya 1870, muda mfupi kabla ya jamaa ya Cather kuwasili. Riwaya yataja tu alama ya duara katika nyasi, mahali ambapo Wahindi Wekundu walizoea kuzungusha farasi, kisha yapita. Basi sehemu ya kimya kile haikuwa ya maumbile. Ilikuwa kimya cha watu walioondolewa.

Mzee Shimerda alizikwa kwenye pembe ya shamba lake, mahali palipotarajiwa njia mbili kukutana. Njia zilipokuja, zilipinda kidogo zisilikanyage kaburi, na nyasi ndefu za asili zikabaki hapo wakati mbuga iliyozunguka ilipolimwa. Jim asema hakuna mahali alipopapenda zaidi katika nchi ile yote. Usomapo riwaya hii, msomaji, furahi pamoja na mtoto kando ya boga. Lakini usifunge kitabu kabla hujasimama pia penye kaburi lile, na kujiuliza ni nani aliyepita hapo kabla ya wote wawili.