Fungu Likipungua, Nani Hupunguzwa? Uhakiki wa Hoja ya Kufuta Michezo Shuleni na Vyuoni

Makada wengi wanaohudhuria madarasa ya itikadi wana mazoea ya kuipokea hoja ya fedha kama amri isiyojadiliwa. Akisimama mtaalamu akasema "hakuna fungu", kikao hunyamaza na ajenda hufungwa. Makala haya yanakusudia kuihakiki hoja hiyo kwa kutumia jambo ambalo baadhi yetu huliona dogo, nalo ni michezo katika shule na vyuo. Tutachukua mfano mmoja wa mbali, yaani mchezo wa mieleka katika vyuo vikuu vya Marekani, kwa sababu kule hesabu zake zimeandikwa na hata mahakama zimetoa uamuzi. Lakini shabaha yetu iko nyumbani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wizara ya Elimu na Utamaduni ikiwa chini ya Joseph Mungai, mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari yalisimamishwa nchini. UMISSETA, iliyokuwa ikiwakutanisha vijana wa mikoa yote, ikanyamaza. Ilirudishwa baadaye katika muongo uleule. Hoja tulizozisikia wakati huo, maofisini na mitaani, zilikuwa mbili: kwamba masomo kwanza, na kwamba wazazi wamechoshwa na michango.

Hoja ya pili ina ukweli ndani yake, na haifai kubezwa. Mkulima wa kahawa wa Mbozi aliyedaiwa mchango wa mlinzi, wa dawati, wa mtihani na wa michezo alikuwa na haki ya kulalamika. Lakini malalamiko yake yalihusu mzigo, hayakuhusu mpira. Jibu la haki lingekuwa kuuhamisha mzigo huo kutoka begani mwa mkulima kwenda katika mfuko wa umma. Kilichofanyika ni kumwondolea mtoto wake mchezo na kuliita jambo hilo nafuu. Wakati huohuo mtoto wa mwenye uwezo, anayesoma katika shule ya ada kubwa yenye viwanja vya majani na bwawa la kuogelea, hakukosa mahali pa kuchezea. Kwa hiyo michezo haikufutwa, ila ilihama kutoka tabaka moja kwenda jingine.

Wapo wanaodai kwamba uamuzi ule ndio uliotunyima nishani za kimataifa. Hoja hiyo nayo ni dhaifu, na tusiikubali kwa sababu tu inatufurahisha. Nishani pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata ni zile mbili za fedha za Moscow mwaka 1980, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Ukame ulikuwa umetimiza miaka ishirini kabla ya michezo ya shule kusimamishwa. Tatizo ni la zamani kuliko waziri yeyote mmoja. Tena Nyambui huyohuyo, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alipata sehemu kubwa ya umaarufu wake akikimbilia Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso. Vyuo vya Marekani vilikuwa na nafasi kwa mkimbiaji kutoka kandokando ya Ziwa Victoria. Yafaa basi tuone vyuo hivyo vimewafanyia nini wanamichezo wao wenyewe wasioleta faida.

Mieleka ni miongoni mwa michezo ya kale kabisa ya binadamu. Lugha yetu yenyewe inaujua: mtu akianguka vibaya twasema amepigwa mweleka. Gharama zake ni ndogo. Panatakiwa ukumbi, mkeka mzito, viatu, mwalimu na nauli ya basi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vyuo vilivyomo katika chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, NCAA, vilikuwa na timu za mieleka zaidi ya 350. Miaka ishirini baadaye zilibaki chini ya 250. Chuo Kikuu cha Oregon kilifuta timu yake mwaka 2007 huku kikirudisha besiboli. Boise State nao walifuta ya kwao mwaka 2017 kwa nia hiyohiyo ya kuanzisha besiboli. Miaka mitatu baadaye besiboli yenyewe ikafutwa, na mieleka haikurudishwa.

Wakuu wa vyuo walipoulizwa sababu, walinyosha kidole kwa wanawake. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ambayo Ibara yake ya Tisa inakataza ubaguzi wa jinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Njia mojawapo ya chuo kuthibitisha kwamba hakibagui ni kuonyesha kuwa uwiano wa wanamichezo wanawake na wanaume unalingana na uwiano wa wanafunzi. Basi ikasemwa: wasichana wamedai haki, fungu ni lilelile, hivyo wanamieleka hawana budi kuondoka.

Hapa ndipo uhakiki unapohitajika. Kati ya 1984 na 1988, kutokana na uamuzi wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo, sheria ile haikuwa na nguvu katika idara za michezo za vyuo. Kama wanawake ndio waliokuwa sababu, miaka hiyo ingekuwa ya nafuu kwa mieleka. Kinyume chake, timu zilifutwa kwa kasi iliyokaribia mara tatu ya ile ya miaka kumi na miwili iliyofuata, sheria iliporudishiwa nguvu. Mwaka 2002 chama cha walimu wa mieleka kiliishitaki Wizara ya Elimu ya Marekani kikitaka kanuni zile zifutwe. Kesi ilitupwa, na mwaka 2004 mahakama ya rufaa ikakubaliana na uamuzi huo. Sababu yake yafaa isomwe na kila kada: hata kanuni zikiondolewa, vyuo vinaweza kuendelea kufuta mieleka, kwa kuwa uamuzi wa kufuta ni wa vyuo vyenyewe.

Kama vyuo ndivyo vinavyoamua, vinaamua kwa faida ya nani? Timu ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kugongana kwa kofia ngumu, hubeba wanaume zaidi ya mia moja. Kwa miaka mingi chuo kikubwa kiliruhusiwa kuwapa 85 kati yao ufadhili kamili wa masomo, ilhali mieleka ilipewa ufadhili 9.9 tu wa kugawana timu nzima. Katika majimbo mengi mtumishi wa umma mwenye mshahara mkubwa kuliko wote, gavana akiwemo, ni kocha wa futiboli au wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu. Palipohitajika uwiano kati ya wanaume na wanawake, wangeweza kupunguzwa wanafutiboli thelathini wanaokalia benchi. Wakaondolewa wanamieleka thelathini. Ajabu ni kwamba hata futiboli hiyo katika vyuo vingi haileti faida. Inaleta televisheni, wafadhili na majina makubwa jukwaani, na hao ndio wenye sauti bajeti inapopangwa.

Wala si hoja ya umaskini. Mwezi Julai 2020 Chuo Kikuu cha Stanford, chenye akiba inayozidi dola bilioni 25, kilitangaza kufuta michezo 11 kati ya 36, mieleka ikiwemo. Mwezi Machi 2021 mwanamieleka wake Shane Griffith alitwaa ubingwa wa taifa wa vyuo akiwa amevaa vazi jeusi lisilo na jina la chuo. Wahitimu walichanga na kesi zikafunguliwa. Ilipofika Mei, Stanford kikafuta uamuzi wake, na fungu likapatikana. Na wale wasichana waliosingiziwa? Mwezi Januari 2025 NCAA iliupitisha mieleka wa wanawake kuwa mchezo wenye ubingwa wake rasmi. Walioitwa wauaji wa mieleka wanaufufua.

Sisi tunaofundisha huku Mlowo tunaishi kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia. Ardhi ya kando ya barabara ina bei, na hakosekani mtu wa kutuambia kwamba kiwanja cha kuchezea watoto kingefaa zaidi kuwa fremu za maduka au maegesho ya malori. Jioni vijana hujazana katika vibanda umiza kutazama timu za Uingereza. Mkeka wanaoujua wengi wao si wa mieleka, ni wa kubeti. Vijana hao wanapenda michezo kweli, lakini wamegeuzwa watazamaji wa michezo ya wengine, nao hulipa kiingilio.

Elimumsingi bila ada ilipoanza mwaka 2016, michango ya lazima ilikatazwa na shule zikategemea ruzuku ya uendeshaji, ambayo kiwango chake kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Mzigo wa mkulima ulipunguzwa, na hilo ni jambo jema. Lakini mwalimu mkuu mwenye ruzuku hiyo anatakiwa kununua chaki, karatasi za mitihani na kukarabati mlango kabla hajaufikiria mpira. Katika shule kadhaa nilizozipitia, mpira wa miguu wa wavulana ukipasuka hutafutwa mwingine, hata kwa kumwomba mfanyabiashara. Mpira wa netiboli ukipasuka, wasichana hupewa fagio wafagie uwanja.

Kada aliye diwani anapoambiwa katika kikao cha bajeti kwamba fungu la michezo ya shule halipo, anayo haki ya kuomba kitabu chote cha makadirio, si ukurasa ule mmoja aliofunguliwa. Aweke kidole kwenye mstari wa michezo na kingine kwenye mstari wa posho na safari, kisha amwombe mhasibu asome tarakimu zote mbili kwa sauti.