Kitambaa cha Vazi Pana: Namna ya Kukipima Sokoni Kashikishi

Anayekusudia kushonewa vazi pana la mtindo wa mahipi, mtindo uliotangaa duniani tangu 1967, vijana wa Marekani walipojaa mtaa wa Haight-Ashbury huko San Francisco wakiwa wameziacha suti za baba zao na kujitanda kanzu na shali za mataifa ya mbali, na afahamu kwanza kwamba vazi hili halina pa kusitiri aibu yake. Kwani koti huokolewa na mkato wa fundi, bali kanzu pana hutegemea kitambaa peke yake.

Dashiki, mojawapo ya kanzu hizo pana, ni ushahidi. Nakshi yake mashuhuri, ile inayozunguka shingo na kushuka kifuani, ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika kiwanda cha Vlisco, Uholanzi, kwa kufuata tarizi za kanzu za Uhabeshi, ikauzwa Afrika, kisha Wamarekani weusi wakaifanya alama ya fahari ya asili yao, na mahipi wakaifuata. Aivaaye bila kuitambua fahari hiyo huivaa nusu.

Basi ukifika soko la Kashikishi, wilayani Nchelenge nchini Zambia, usihukumu kitenge ndani ya kibanda. Mwombe mama muuzaji ruhusa, ukitoe nje kwenye jua la Ziwa Mweru, kisha ukigeuze. Kitenge cha nta halisi hupakwa nta pande zote mbili kabla ya kutiwa nili, ndiyo maana dhahiri yake na batini yake ni sawa, na fundi aweza kukata upande autakao. Kilichochapwa upande mmoja hupauka mgongoni, na upepo ukipeperusha pindo la vazi, kila mtu huona.

Itazame sana mishipa myembamba inayotambaa katika rangi. Nta ikauke, ivunjike, nili ipenye nyufani: hivyo ndivyo mishipa ya kweli inavyozaliwa, wala hakuna miwili inayofanana. Fuatisha kwa kidole ua moja hadi jingine. Ukiikuta mishipa ileile inajirudia mahali palepale, jua kwamba imechorwa na mashine. Kwangu mimi jaribio hili lapita yote, na maandishi ya ukingoni, ambayo wengi huyaamini kuliko macho yao, ni ushahidi dhaifu, maana herufi ni rahisi kughushi.

Kisha kifikiche viganjani: kanji ikimwagika unga na nguo ikalegea, uzito uliousifu haukuwa wa pamba. Kielekeze juani uone kama mtande na mshindio vimeshikamana.

Kwa fundi, yadi 6 zatosha, ila msimamie akatapo, nakshi ikae katikati ya kifua na maua yakutane mishononi. Na upana usidhaniwe kuwa ni ulegevu: afikaye Mwansabombwe mwishoni mwa Julai, katika sherehe ya Mutomboko, humwona mfalme wa Walunda, Mwata Kazembe, akicheza ndani ya mukonso, vazi la nguo nyingi mno, na kila mkunjo ukimtii.

Kitenge kilichopita majaribio haya kilipie bei yake bila kunung'unika. Kisichopita kiache, hata ukipunguziwa nusu.